Goti Lililoacha Kuuma

Nakumbuka siku moja tulipochinja kondoo kumshukuru Mungu, na mpaka leo siku ile hainitoki. Ilikuwa nyumbani kwetu Gitting, chini ya mlima Hanang, miaka ile ambayo mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yameenea uwandani kote kuelekea Basotu, na karibu kila nyumba ya kijiji chetu ilikuwa na mtu wake aliyekwenda kutafuta kazi huko. Tulimshukuru Mungu kwa sababu dada yangu Veronika alikuwa ameacha kuumwa goti. Mwanangu, keti nikusimulie, na usinihimize, maana habari hii ina uchungu na siwezi kuisema mbio.

Veronika alikuwa mkubwa wetu, mimi nilimfuata. Alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa miguu. Tukienda kuchota maji alitangulia, akafika, akajaza ndoo yake, kisha akarudi kunipokea ya kwangu njiani huku akinicheka. Alipomaliza shule alipata kazi kwenye jiko la wafanyakazi huko kwenye ngano. Alipika ugali wa watu wengi, sufuria kubwa ambayo mimi ningeweza kukaa ndani yake. Huko ndiko alikojuana na Joakimu, kijana wa Tlawi, upande wa Mbulu, aliyekuwa dereva wa trekta. Joakimu alikuja nyumbani akiwa amevaa shati safi, akampa baba shikamoo kwa mikono miwili, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayeogopa kukivunja. Baba alimpenda siku hiyo hiyo. Wazee wakaonana, na ikabaki kungoja mavuno yaishe ili harusi ifungwe.

Ugonjwa ulianzia vidoleni. Veronika aliniambia baadaye kwamba asubuhi moja aliamka akashindwa kuushika mwiko. Vidole vilikuwa vizito, vimekakamaa, na havikufunguka mpaka jua lilipopanda. Akadhani ni baridi ya alfajiri. Kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Kisha magoti yakavimba yote mawili, yakawa ya moto ukiyagusa, na la kulia likazidi. Mganga wa zahanati ya pale shambani alimwangalia akamwambia ana baridi yabisi. Veronika akashangaa, akamwambia huo ni ugonjwa wa vikongwe. Mganga akamjibu kwamba ipo inayoshika hata vijana, hata watoto. Akampa vidonge, akamwagiza mambo mawili: apumzike viungo vinapokuwa na moto, lakini kila siku, hata kama inauma, ayanyooshe magoti na kuyakunja, na asilale na kitu chini ya magoti.

Haya alituambia mwenyewe, siku lori lilipomshusha nyumbani. Mama alikuwepo, akasikia. Lakini mwanangu, kusikia ni jambo moja, na kumtazama mtoto wako anauma shuka kwa maumivu ni jambo jingine. Mama yetu alikuwa amezika watoto kabla yetu sisi. Mtoto akikohoa tu nyumbani kwetu, mama hakulala. Sasa fikiri mama wa namna hiyo, anaambiwa ashike mguu wa binti yake uliovimba, aunyooshe huku binti anapiga kelele.

Alijaribu kidogo mwanzoni. Veronika akalia, akamshika mkono, akamwambia, "Mama, nihurumie. Niache leo tu." Mama akamwacha. Kesho yake ikawa vilevile. Baadaye mama akashona mfuko wa gunia, akaujaza maganda ya mahindi ukawa mto, akauweka chini ya magoti ya dada ili yakae yamekunjika. Kweli, yakikunjwa hivyo yaliuma kidogo. Dada akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi, na mama akatoka nje akafuta machozi kwa khanga. Sisi sote tukaona mto ule ni baraka. Vidonge alimeza. Mazoezi yakasahauliwa, wala hakuna aliyeyataja tena.

Shangazi Theresia ndiye aliyeyataja. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, akiishi peke yake Tlawi na ng'ombe wake. Hakujaliwa mtoto. Na mikono yake, mwanangu, ilikuwa imepinda kama mizizi ya tangawizi, kwa sababu yeye pia alikuwa na ugonjwa huo huo kwa miaka mingi. Lakini alikamua ng'ombe mwenyewe, alilima mwenyewe, alipanda kilima cha kanisa mwenyewe. Alipata habari kwamba Vero anaumwa, akaja kwa lori, amebeba kibuyu cha maziwa mgando.

Aliingia ndani, akampa pole mgonjwa, akainua shuka. Akauona ule mto. Aliuvuta, akautupa kando, akashika mguu wa dada pale kwenye kisigino na kuanza kuunyoosha polepole. Veronika akapiga yowe. Mama akaja mbio kutoka jikoni, unga ukiwa bado mikononi.

"Wifi! Unamfanya nini mwanangu?"

"Ninamfanya kile ambacho wewe hukumfanya," shangazi akasema. "Huu mguu umeanza kuzoea kukunjika. Wifi, nisikilize. Ugonjwa huu ninao mimi. Kila asubuhi mikono hii inakataa, na kila asubuhi ninailazimisha. Nalia, lakini ndiyo ninayokamulia ng'ombe. Siku nitakayoiacha ilale kwa sababu inauma, haitaamka tena. Mnyanyue mtoto. Alie, lakini mnyanyue."

Na hapo mama akasema neno ambalo nilitamani ardhi ifunguke ilimeze kabla halijamfikia shangazi. Alisema, "Wewe hujazaa. Utajua wapi uchungu wa mtoto?"

Hata Veronika aliacha kulia. Shangazi akaushusha mguu taratibu, akaufunika shuka. Akachukua shuka lake la mabegani, akamwambia dada, "Ugua pole, mwanangu," akatoka. Baba alikuwa uani akinoa panga, alikuwa amesikia yote. Alisimama, akafungua mdomo, akaufunga. Shangazi alipita mbele yake bila kumtazama, akashika njia ya kwenda barabarani kungoja lori. Kibuyu chake kilibaki kwetu. Mama akaokota mto wa maganda, akaurudisha chini ya magoti.

Basi miezi ikaenda. Mvua za masika zikanyesha, baridi ya mlimani ikashuka, ikapita. Na hapo ndipo goti la kulia likaanza kutulia. Uvimbe ukapungua. Ule moto ukaisha. Ukiligusa lilikuwa la kawaida kama goti langu. Veronika akaanza kulala bila kuguna. Goti la kushoto ndilo lililoendelea kumsumbua. Hilo alilisogezasogeza mwenyewe kitandani kwa sababu hakupata namna ya kulilaza lisiume, na kila akilisogeza alikunja uso. Lakini lile la kulia, ambalo ndilo lilikuwa baya kuliko yote, likawa kimya.

Mama alilia kwa furaha. Aliwaambia kanisani. Akamwambia kila aliyepita barabarani. Joakimu akaletewa habari huko kwenye matrekta, naye akapeleka kwao Tlawi, kwamba mchumba amepona upande mmoja na upande wa pili uko njiani. Ndipo ikapangwa siku ya shukrani.

Tulimtoa dada nje kwenye jua, tukamkalisha kwenye kigoda, amefunga kitenge kipya, amesuka nywele. Alikuwa amekonda lakini uso ulikuwa unang'aa. Majirani walijaa. Katekista akaomba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya binti huyu. Joakimu alikuja na mjomba wake, mzee mpole mwenye fimbo. Mzee yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitaka tu kumwona mkwe wao. Akasema, "Haya binti yetu, simama basi tukusalimie."

Veronika akacheka kwa aibu. Akashika nguzo ya kibanda, akajiinua. Mguu wa kushoto ukatetemeka, akakunja uso, lakini ukafuata. Mguu wa kulia haukufuata. Ulibaki umekunjika vilevile kama alivyokuwa ameketi, kisigino kikining'inia nyuma, hakifiki chini. Alijaribu tena. Nikaona furaha inamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "mguu haushuki."

Joakimu akaruka, akamkalisha, akapiga magoti mbele yake. Akaushika ule mguu kwa mikono miwili.

"Unauma?"

"Hapana. Hauumi hata kidogo."

"Basi unyooshe."

"Nanyoosha, Joakimu. Hausikii."

Akauvuta taratibu. Na sisi sote tuliona: mguu haukunyooka hata kidogo, ila Veronika mzima aliteleza juu ya kigoda pamoja nao, kama mtu anayevuta tawi na mti wote unakuja. Pale kwenye goti hapakuwa na kusogea kokote. Nyama ilikuwa inachemka kwenye sufuria.

Mzee mmoja jirani akashauri mguu upakwe mafuta ya kondoo, upashwe moto, kisha wanaume wenye nguvu waushike wauvute kwa pamoja mpaka ufunguke. Wengine wakakubali, wakaanza kukunja mikono ya mashati. Na hapo baba yangu, ambaye siku ya shangazi alikosa neno, alisimama mbele ya dada akasema, "Hakuna atakayemvuta mwanangu. Kesho tunakwenda hospitali." Namshukuru baba kwa neno lile mpaka kesho.

Joakimu alituombea nafasi kwenye lori la ngano. Tulipita kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamebaki mpaka macho yanapoishia, na kandokando wafugaji wa Kibarabaigi wamesimama na ng'ombe wao wakitazama malisho yao ya zamani. Veronika alilala juu ya magunia, kichwa mapajani kwa mama. Tulikwenda mpaka hospitali moja ya misheni.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, wa kutoka mikoa ya kusini. Alimpiga picha magoti yote mawili. Kisha akamrudisha kitandani akatuita tusogee, baba, mama na mimi. Kwanza akashika goti la kushoto. Alilikunja kidogo, akalinyoosha kidogo, na Veronika akalia.

"Mnaona?" daktari akasema. "Hili linauma, limevimba, gumu, lakini linakwenda. Hii ndiyo baridi yabisi. Ugonjwa uko ndani ya kiungo, unakitafuna, lakini kiungo bado kipo."

Akahamia goti la kulia. Akashika paja kwa mkono mmoja na muundi, chini ya goti, kwa mkono mwingine, akajaribu kulisogeza. Hakuna kitu. Veronika alikuwa anamtazama tu, kama goti ni la mtu mwingine.

"Na hili haliumi. Halijavimba. Lakini haliendi." Akaziinua zile picha mbele ya dirisha. Kwenye picha ya kushoto palikuwa na mwanya kati ya mfupa wa juu na wa chini, mwembamba lakini upo. Kwenye picha ya kulia mwanya haukuwepo. Mfupa ulitoka pajani ukaendelea hadi kwenye muundi, mmoja tu. "Hapa mifupa imeota ikaungana. Hii si baridi yabisi tena. Baridi yabisi ilipita hapa ikala kile kilichotenganisha mifupa, na kwa kuwa mguu ulikaa umekunjika bila kusogezwa, mifupa ikashikana palepale ulipolazwa."

Mama akauliza, "Lakini daktari, mbona liliacha kuuma? Sisi tulijua limepona."

Daktari alizishusha zile picha. Nadhani alitamani asiulizwe. "Mama, kiungo kinachosogea ndicho kinachouma. Hiki kimeacha kuuma kwa sababu hakipo tena."

Mama hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, taratibu, kama mtu anayejisomea, "Kwa hiyo siku ile nilipochinja kondoo." Hakumaliza.

Daktari alitueleza yaliyobaki. Goti la kulia halitakunjuka tena kama goti, hata kwa dawa, hata kwa mafuta, na wale wanaume wangelivuta wangemvunja mfupa. Lililowezekana ni kumpeleka hospitali kubwa, mbali, wakaukate mfupa na kuuweka sawa, ili mguu uwe umenyooka. Utabaki mkavu kama fimbo, hautakunjika maisha yake yote, lakini ataweza kuukanyagia. "Ila mimi," akasema, "nina hofu zaidi na hili la kushoto. Hili bado linalia. Mkiliacha likae kama mlivyoacha la kulia, litanyamaza pia. Nitampa dawa, nanyi kila siku mtalinyoosha na kulikunja, kwa kipimo nitakachowaonyesha. Itamuuma. Msikubali kuacha kwa sababu inamuuma."

Tuliporudi nyumbani mama hakukaa. Alifunga khanga yake, akamwambia baba anakwenda Tlawi. Baba akasema atamsindikiza. Mama akakataa. "Neno nililitoa mimi," akasema.

Walizungumza nini huko, yeye na shangazi, sikujua na sikuuliza. Ninachojua ni kwamba walirudi wote wawili, shangazi ameacha ng'ombe wake kwa jirani, na tangu siku hiyo hawakuwahi kulisema jambo lile mbele yetu. Mwanangu, nimewaona watu wengi wenye haki ya kusema "niliwaambia." Shangazi Theresia alikuwa nayo kuliko wote, na hakuitumia.

Kazi ikaanza. Asubuhi shangazi alichemsha maji, akalikanda goti la kushoto kwa kitambaa cha moto mpaka lilegee, kisha akalinyoosha kwa mikono yake ile iliyopinda, ambayo nayo ilikuwa inauma. Mimi nilimshika dada mabega. Walikuwa wanalia wote wawili, huyu kwa goti na yule kwa vidole, na shangazi anasema, "Kidogo tu tena mwanangu. Kidogo tu." Mama hakuweza kubaki ndani. Alichukua jembe akaenda mwisho wa shamba, kule ambako sauti haifiki, akalima. Akirudi alimuuliza shangazi kitu kimoja: "Limekwenda?" Shangazi akisema limekwenda, mama alikaa chini akanywa uji.

Goti lile likaokoka. Siwezi kusema lilipona. Liliendelea kumuuma dada kila baridi ya mlimani iliposhuka, na asubuhi lilimchukua muda kulizindua, lakini lilikunjika na kunyooka, na ndilo lililombeba. La kulia alikwenda kukatwa mfupa kama daktari alivyosema. Alirudi akiwa na plasta ndefu na magongo mawili, na plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umenyooka, mwembamba, mkavu. Siku aliyoukanyaga chini, baba aligeuka akatazama mlima.

Joakimu alikuja kumwona. Nilikuwa uani napura maharage, na hawakujali kwamba nasikia.

"Vero," akasema, "nyumbani wanasema tungoje kidogo. Wanasema, kulima utalimaje, na watoto utawabebaje. Mimi sisemi hivyo. Wao ndio wanasema."

"Na wewe unasemaje?"

Alizungushazungusha kofia mikononi.

"Nenda, Joakimu," dada akamwambia. Hakuwa na hasira. "Ukinioa kwa huruma nitakuja kukuchukia. Nimekwisha kuhurumiwa vya kutosha."

Kijana yule alilia pale mbele yetu, mtu mzima, dereva wa trekta. Kisha akaenda. Baadaye alioa kwao. Simlaumu. Ila nilimwona dada yangu siku zile, mwanangu, na sitaki kukuambia alivyokuwa.

Mama ndiye aliyeumia muda mrefu zaidi. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisa, akaacha. Wakija wageni wakamuuliza binti alipatwa na nini, alisema, "Nilimlaza vibaya," akabadili mazungumzo. Miaka ikapita hivyo. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Veronika alikaa karibu naye, mguu mkavu umenyooshwa kando ya kitanda. Mama akaweka mkono juu ya lile goti la kulia.

"Nisamehe," akasema.

"Mama, mimi ndiye niliyekuomba uniache. Kila siku nilikuomba."

"Mama hapaswi kutoa kila anachoombwa," akajibu. Tulimzika wiki ile ile.

Shangazi naye amelala Tlawi, na baba yupo kando ya mama. Dada Veronika aliishi. Hakuolewa. Alifundisha watoto mafundisho ya komunyo, akafuga kuku, akawa mtu ambaye wasichana wa kijiji walimwendea na siri zao. Kanisani aliketi mwisho wa benchi, mguu umejitokeza njiani, na watoto wakijifunza kutembea walijifunza kwanza kuuruka mguu wa Bibi Vero. Homa ya mapafu ilimchukua miaka kadhaa iliyopita. Nilimwosha mimi mwenyewe. Goti la kushoto, nilipolikunja ili kumvika, lilikunjika.

Sasa mwanangu, nisikilize vizuri, kwa sababu najua magonjwa haya bado yanatembea kwenye nyumba zetu, na bado tunayaita yote kwa jina moja, miguu.

Kiungo chako au cha mtu wako kikivimba, kikiwa cha moto, kikikakamaa asubuhi na kulegea jua likipanda, kikiuma lakini bado kinasogea, hiyo ni baridi yabisi au ndugu yake. Usiseme ni uzee, usiseme ni baridi tu. Nenda hospitali mapema, na kama kuna homa nenda siku hiyo hiyo. Umeze dawa kama ulivyoelekezwa, na kiungo ukisogeze kama ulivyoonyeshwa, hata kwa machozi. Na kama kiungo hakisogei kabisa, wala wewe huwezi kukisogeza, wala mwingine akikishika hakiendi, ujue huenda mifupa imeshikana. Hapo usikubali mtu akivute, akikande kwa nguvu wala akikanyage. Kimbilia kwa daktari, na umuulize pia habari za viungo vingine vilivyobaki, maana hivyo ndivyo vya kuokoa.

Na ukiwa unauguza, usipime kupona kwa kelele kupungua. Mgonjwa akiacha kulia, usiharakishe kuchinja. Mwambie akunje, mwambie anyooshe, mwambie asimame, uone kwa macho yako. Nimekuja kuona kwamba hata watu ni hivyo. Mtoto anayegombana nawe, mume anayenung'unika, ndugu anayekuja kulalamika mlangoni, wote hao bado mnaweza kusogea pamoja. Yule aliyekuwa analalamika, kisha siku moja akanyamaza na hakuombi tena kitu, mwendee huyo kabla ya wote. Na ukilazimika kumuumiza mtu kidogo ili usimpoteze kabisa, mshike kwa mikono ya upole, umwambie "kidogo tu tena," wala usikimbie kwa sababu analia.

Mwenyezi Mungu akutunzie magoti yako, mwanangu, uyapige mbele zake na uinuke tena. Akupe mtu wa kukuambia ukweli hata ukimfukuza, na akupe moyo wa kumfuata ukamrudishe. Uende salama, na wote uliowaacha nyumbani uwakute wanatembea.